Mlango wa Aliyeachika

Jumatatu, 11 Agosti

Gauni nililokodisha Jumamosi limerudi na mchuzi kwenye pindo. Bibi harusi anakula vipi mpaka pindoni? Nimeloweka, nimepaka limau, nimesugua mpaka vidole vimenyauka. Doa limetoka. Hasira bado.

Agosti ni mwezi wa harusi. Kamba yote ya plot, huu ua wetu wa vyumba vya kupanga, imejaa magauni meupe. Jirani yangu Mama Brayo anasema tunaishi na malaika wasio na vichwa. Watoto wake wamekatazwa kupita chini ya kamba na chapati mkononi.

Mke wa Mchungaji wa kule kwetu Mwello, upande wa Uganda, amepiga simu. Kanisa lina Jumapili ya Ndoa, tarehe saba mwezi ujao. Wenzi wa miaka mingi watavaa upya, watakata keki, watabarikiwa. Anataka magauni na shela, niyalete mwenyewe, nivalishe mwenyewe. Amenisifu kwa kazi yangu. Halafu akaongeza kwa sauti ya huruma: "Na wewe usiogope kuja, hata kama..." Hakumalizia. Hata kama nimeachika, mama. Sema tu, neno halina miiba.

Mchungaji ana hubiri lake analolipenda. Kwamba Mwello hakuna talaka. Kwamba huku Busia upande wa Kenya ndoa ni kama laini ya simu, mtu akichoka anatoa, anaweka ingine. Kwamba katika kanisa zima aliyeachika ni mmoja, tena aliharibikia huku. Hanitaji jina. Ana haja gani? Ni mimi niliyekwenda mahakamani nikatoka na karatasi. Wote wanajua.

Nimekubali kazi. Kazi ni kazi.

Jumanne, 12 Agosti

Mama amekuja! Bila simu, bila salamu ya kutangulia. Jua likielekea kuzama namwona anashuka kwa boda, kuku kwapani, mfuko wa karanga kichwani, gomesi, lile gauni refu la kwetu la mshipi, imeshika vumbi mpaka kiunoni.

"Nimekuja kukusalimia," akasema.

Tangu niachane na mume wangu, Mama hajawahi kulala kwangu. Siku za soko tunakutana mpakani, upande wa Uganda. Ananipa viazi, ananiuliza kama nimepona kifua, anarudi. Hata chai hanywi. Leo ameingia, amevua viatu, ameketi kitandani kwangu na kukibonyeza kwa kiganja kama mtu anayepima unga. Nimefurahi mpaka nimemwaga maji. Pia nimeogopa. Mama si mtu wa kusalimia tu.

Alhamisi, 14 Agosti

Yupo. Sijamwuliza anarudi lini. Mgeni haulizwi, na huyu ni mama yangu.

Anaamka kabla yangu. Amefagia ua wote, hata mbele ya kwa Mama Brayo, ambaye sasa ameaibika na kununua ufagio mpya. Ameshona shanga za gauni la mikono mirefu, zile nilizokata tamaa nazo. Macho yake bado yanaona tundu la sindano kuliko yangu.

Jioni amepika mboga ya karanga na ugali wa wimbi. Nilikula, nikaomba tena, nikalamba sahani kwa kidole, sikujali umri wangu. Nilipoinua uso Mama alikuwa ameangalia ukutani. Machozi. Nikamwuliza ana nini. Ati moshi. Napikia gesi mimi.

Jumamosi, 16 Agosti

Harusi mbili. Miguu imevimba. Mama amenikanda na maji ya chumvi bila kuniuliza. Sikumbuki mara ya mwisho mtu kunishika miguu.

Jumapili, 17 Agosti

Sasa nimejua kidogo, na nilichojua kimeniumiza.

Achieng, dada yangu, amepiga simu kutoka Malaba. Yeye ndiye wa kusifiwa kwetu. Ndoa ya kanisa, pete, mume ana ofisi yake ya kusafirisha mizigo, nyumba ya vigae. Kumbe Mama alianzia kwake ile Jumanne. Alifika asubuhi. Akaketi sebuleni na kuku wake mpaka alasiri, akisema anapumzika tu. Achieng akaanza kuangalia saa. Hakumfukuza, ila kwetu mama hawezi kulala kwenye nyumba ya mkwe. Mama wa mke na mume wa binti hawalali chini ya paa moja. Ni mwiko, tena si mdogo. Achieng asingeweza kumtandikia hata jikoni. Jua lilipoanza kushuka akamwitia boda.

Dada zangu wengine wawili nao wameolewa vizuri. Milango yao yote ina wakwe nyuma yake.

Mlango usio na mkwe ni wangu.

Nimeketi na jambo hili siku nzima. Miaka yote hii nimeombewa. Mama mwenyewe amefunga kula kwa ajili yangu, ili nirudishwe kwa mume. Mungu angemsikia, leo mama yangu angelala wapi?

Sijamwambia kwamba Achieng amenipigia. Bado sijajua kwa nini ameondoka, na ninaogopa kuuliza.

Jumatano, 20 Agosti

Msichana mmoja amepita plot yetu na tableti, koti la rangi ya chungwa, kofia. Anaiandikia serikali hesabu ya kaya. Nani yuko hapa, ana miaka mingapi, ameolewa, ameachika, mjane, hajaolewa. Amenianza mimi. Nikasema nimeachika. Akabonyeza. Hakunionea huruma, nikampenda kwa hilo.

Kisha Mama. Mama na Kiswahili chake cha kuuzia karanga Malaba: "Mimi iko na bwana. Bwana iko Mwello."

Msichana akauliza kwa adabu kama labda wametengana. Mama akamkazia macho. "Hapana. Mimi nakuja kusalimia huyu mtoto."

Akabonyeza: ameolewa. Akashukuru, akaenda kwa Mama Brayo.

Nimecheka peke yangu nikianua nguo. Wanawake wawili, kitanda kimoja, sufuria moja. Mmoja ataandikwa kwamba ndoa yake imesimama, mwingine yake imevunjika. Siku moja mtu atasoma hesabu hizo redioni na kusema, tazameni, akina mama wanajua kushika ndoa, binti zao wamepotoka. Na atakuwa hajadanganya.

Alhamisi, 21 Agosti

Leo nimemchokoza Mama. Tulikuwa tunabambua karanga. Nikasema, haya, Mchungaji anasema kwenu hakuna talaka. Tupite nyumba kwa nyumba, kuanzia kanisani mpaka kisimani.

Mwanzo alikataa, ni umbea. Kisha ulimi ukamwasha.

Mke wa mwalimu wa kwaya? Yuko Malaba, anafanya biashara. Tangu lini? Tangu kitinda mimba wake yuko mgongoni. Kitinda mimba sasa ana ndevu. Na yule wa nyumba ya bati jekundu? Alikwenda kumuuguza dada yake Iganga. Dada alipona? Alipona, akaolewa, akazaa, ana wajukuu. Na mwenye ng'ombe wengi? Huyo yupo na mkewe, ila mzee analala bustanini kwenye kibanda, analinda mahindi. Hata msimu usio na mahindi? Mama akaanza kutikisika. Hata msimu usio na mahindi! Karanga zikamwagika. Akacheka mpaka akajishika mbavu, kitambaa kikaanguka kichwani, na mimi nikalia kwa kicheko.

Halafu upande wangu. Mama Brayo aliachwa, anasema wazi. Msusi wa pale mbele ameachana mara mbili, wa pili bado anamletea sukari. Mimi. Muuza mitumba wa chumba cha pembeni yuko na mumewe na wanapendana hadi wanaudhi.

"Wenu wanasema," Mama akasema akijifuta macho. "Sisi kwetu ni safari tu."

Kisha ghafla akaanza kuokota karanga moja moja. Nikaelewa kwamba alikuwa amefika kwenye nyumba yake mwenyewe. Sikumsukuma.

Jumapili, 24 Agosti

Amesema. Amesema mwenyewe, mchana, akichambua mchele, bila kuniangalia.

Baba hajala chakula anachopika Mama tangu tumzike Okoth.

Okoth ni mdogo wetu. Alikwenda Tiira kuchimba dhahabu, shimo likamwangukia. Hilo nalijua, nilikuwepo mazishini. Nililokuwa silijui: Baba alimkataza kwenda. Mama ndiye aliyemfungia nguo na kumpa viazi vya njiani, kwa sababu mtoto alilia kwamba anataka kujenga. Baada ya mazishi Mama alimpelekea Baba chakula. Baba akakisogeza pembeni. Siku iliyofuata vile vile. Tangu hapo anapikiwa na mke wa kaka yangu mkubwa. Na hasemi na Mama. Anatuma. "Mwambieni bibi yenu." "Mwambieni mama yenu." Ua mmoja, mlango kwa mlango. Jumapili wanatembea kwenda kanisani, yeye mbele na Biblia, Mama nyuma yake. Watu wanawaita mfano.

Hajawahi kumpiga. Hajawahi kumtukana. Mama alilirudia hilo kama anamtetea.

Nikauliza, mbona sasa? Miaka yote hiyo umevumilia, mbona sasa?

Mchungaji amewachagua. Hiyo Jumapili ya Ndoa, yeye na Baba ndio watakaosimama kuwaeleza vijana siri ya ndoa ndefu. Baba amekubali. Amemtuma mjukuu: mwambie bibi yako tutazungumza tarehe saba.

"Nitawaambia nini watoto wa watu, Athieno?" Mama akaniuliza. "Nitawaambia nini?"

Nimemshika mikono na mchele wake. Namchukia Baba leo. Pia namwonea huruma, na hilo linanikasirisha zaidi.

Jumanne, 26 Agosti

Wamekuja. Mchungaji na akina mama wawili wa kanisa, mmoja mnene mcheshi, mmoja mwembamba asiyesema. Wameketi kati ya magauni yangu.

Kwetu mke akiondoka, mume humfuata. Anakuja na wazee, anaketi, yanasemwa yaliyo ya kusemwa. Asiyefuatwa ameachwa, hata kama hakuna aliyetamka neno. Baba hakuja. Ametuma, kama kawaida yake.

Mchungaji alizungumza vizuri, siwezi kumnyima hilo. Mama ni nguzo. Nguzo ikihama, nyumba inashikwa na nini? Na vijana watasema nini? Tena tarehe saba imekaribia, programu imeshachapwa.

Mama akammiminia chai. Akasema, "Mchungaji, mimi sikuolewa na wewe. Aliyenioa anajua njia."

Wueh! Nilitaka kupiga vigelegele. Nikaangalia chini.

Mchungaji hakukasirika. Alionekana mzee ghafla, na kwa mara ya kwanza sikuona mtu wa mimbari, niliona mtu aliyebeba ndoa za watu wengine na hajui aziweke wapi. Aliomba, sala fupi, akaondoka na programu zake.

Yule mwembamba alibaki nyuma akijifanya anatafuta kiatu. Akaninong'oneza akiuliza vyumba vya plot hii ni vya bei gani. Akacheka baada ya kuuliza. Macho hayakucheka.

Jumatano, 27 Agosti

Achieng tena. Leo hakuzunguka.

"Mama akifia kwako, utamzika wapi? Kwenye plot ya kukodi? Chini ya kamba yako ya nguo?"

Nimemkatia simu. Nimeketi chooni nikalia, kwa sababu ni kweli. Mwanamke wa kwetu anazikwa kwa mumewe. Kwa wazazi wake Mama hakuna mtu tena, shamba waligawana binamu. Akiwa ameondoka kwa Baba bila kufuatwa, wazee wanaweza kusema si wa pale. Atalala wapi mama yangu? Okoth yuko nyuma ya nyumba, karibu na mhogo. Mama amekuwa akisema tangu zamani kwamba yeye atawekwa kando ya Okoth. Hilo ndilo aliloweka rehani alipopanda boda ile na kuku wake. Alijua. Mimi ndiye niliyekuwa sijui.

Mimi nilipoondoka kwa mume sikufikiria kaburi. Nilikuwa na hasira na nguvu. Yeye ana miguu inayouma.

Ijumaa, 29 Agosti

Mvua. Hakuna kinachokauka. Mama amenisuka, mistari ya nyuma, nikiwa nimeketi katikati ya magoti yake.

Katikati ya kusuka akaniuliza, "Siku ile ya mahakama ulikula nini?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Waliuliza kosa lilikuwa la nani. Waliuliza kama nimejaribu maombi. Nikamwambia: chapati kavu, nimesimama, kwa mama mmoja nje ya geti. Iligoma kushuka. Nikaimeza na soda.

Mikono yake ikasimama kichwani mwangu.

"Ningekuja kukupikia," akasema. "Nilikuwa nafunga, nikuombee urudi. Nilikosea ombi."

Nimelia kama mtoto. Naye akaendelea kusuka, akinivuta nywele kidogo kuliko kawaida. Nampenda mama huyu. Naandika hapa kwa sababu kwa mdomo sijui kulisema.

Alhamisi, 4 Septemba

Mama amesema atakwenda Jumapili.

Nimeuliza, kurudi? Kwenda, akasema. Nimeuliza, kusimama mbele na Baba? Akaendelea kupiga pasi shela, na shela haitaki maneno.

Nina hofu mbili zinazogombana. Akisimama, atakuwa amerudi kwenye kile kimya mpaka afe, na watu watampigia makofi. Asiposimama, kaburi lake linaweza kupotea mbele ya kanisa zima. Sijui nimwombee lipi. Mwaka huu nimejifunza kuogopa maombi.

Baba bado hajaja.

Jumapili, 7 Septemba

Niandike kwa utaratibu.

Tulifika Mwello mapema. Nilivalisha mabibi harusi wazee kwenye darasa la watoto. Mmoja hana meno, alitaka shela ndefu kuliko zote, nikampa, akajitazama kwenye kioo akasema, "Ai, huyu ni nani?" Tulicheka. Walikuwa wazuri, wote. Sisemi kwa kejeli. Wengine wao wanapendana kweli, niliwaona wanaume wao wakiwangoja mlangoni na tai zilizopinda.

Mama alikataa gauni. Alivaa gomesi yake ya kijani. Hakwenda mbele kwa akina mama. Alikuja kuketi nami benchi la nyuma, karibu na boksi langu la pini.

Baba alikuwa mbele na wazee wa kanisa. Amekonda. Shingo imekuwa nyembamba ndani ya kola. Sikutarajia moyo wangu kuuma hivyo.

Mchungaji akahubiri. Mwello hakuna talaka, alisema, lakini leo hakulisema kwa ile ngurumo yake. Kisha: wote waliofunga ndoa na bado wako pamoja, wasimame tumtukuze Bwana.

Mabenchi yakalia. Watu wakainuka, magauni yangu yakainuka. Yule mama mwembamba alisimama akiangalia sakafu. Baba akasimama.

Mama aliweka kiganja chake juu ya goti langu. Hakusimama.

Hakulia, hakuinamisha kichwa. Aliketi tu, kama mtu aliyechoka na safari. Vichwa vikaanza kugeuka, benchi baada ya benchi, mpaka na Baba akageuka. Akamtafuta mahali pa akina mama, hakumwona. Akatazama nyuma. Wakaonana. Sidhani wamewahi kutazamana hivyo tangu tumfukie Okoth. Mtoto mmoja alikuwa anaomba maji.

Niliomba ardhi inimeze. Niliomba asimtume mtu.

Baba akashika benchi la mbele yake, akajishusha polepole, akaketi.

Peke yake kati ya wazee wote waliosimama, aliketi. Mchungaji akaiambia kwaya iimbe. Wenzi wengine ndio waliozungumza na vijana.

Baadaye nilikuwa nakunja magauni darasani, Mama akihesabia pini kwenye boksi. Baba akaja mlangoni, kofia mkononi. Akaniangalia mimi. "Mwambie mama yako..." akaanza. Akasita. Nikakaza macho kwenye gauni. Nisingesema neno hata kwa kulipwa.

Akamgeukia Mama. "Nyafwono," akasema.

Jina la Mama la kuzaliwa. Sikuwahi kumsikia akilitaja.

"Nilikasirika siku moja," Baba akasema. "Ikafika jioni, sikujua namna ya kurudi. Kesho yake pia sikujua."

Mama aliendelea na pini.

"Mahali pako ni kando ya Okoth. Nimewaambia wazee sasa hivi hapo nje. Ulale kokote, uishi kokote. Hakuna wa kukutoa pale."

Mama akafunga boksi. "Nimesikia," akasema.

"Utarudi?"

"Leo hapana."

Baba akaitikia kwa kichwa. Akabeba boksi la shela mpaka barabarani, ingawa lilikuwa jepesi na mimi nina mikono. Mama alishika kidole changu kidogo tangu Mwello mpaka mpakani.

Jumatatu, 8 Septemba

Tumelala mpaka jua likatupiga usoni. Magauni hayajafuliwa. Yangoje.

Alhamisi, 11 Septemba

Achieng amekuja na mikate na sukari. Ameketi kitandani, ameangalia chumba, amesema ni kidogo. Kisha akamlalia Mama begani akalia. Ati ile Jumanne, alipomwitia boda, alijifungia bafuni. Nimempa chai. Nilikuwa nimemwandalia maneno makali, sikujua yalikokwenda.

Amesema wakwe zake wanaulizana kuhusu ile Jumapili. Na kwamba kule Mwello wanawake wameacha kusema mke wa mwalimu wa kwaya anafanya biashara Malaba. Wanasema tu, ameondoka. Mchungaji hajahubiri bado kuhusu jambo hilo.

Nimemwambia mwenye nyumba kwamba tuko wawili. Amesema alikuwa anajua, kwa sababu ua ni safi.

Jumatano, 17 Septemba

Baba amekuja.

Peke yake, bila wazee, kwa baiskeli, na mzigo wa vijiti vya mhogo vya kupanda umefungwa nyuma kwa mpira. Askari wa mpakani alimwuliza ni vya nini. Alimjibu ni vya mke wake, akapita.

Hakuja kumchukua. Alisimama uani akavitazama vijiti vyake, akasema mvua imeshika vizuri, na kwamba amekata kwenye ule mstari ulioko nyuma ya nyumba, karibu na Okoth, unaozaa sana. Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka. Hakupika, hakuinuka kupika. Baba hakuuliza. Nikampa maji, akanywa yote.

Nyuma ya ukuta wa plot kuna ukanda wa ardhi ambao mwenye nyumba hautumii. Mama Brayo alituazima jembe. Baba akachimba, Mama akapanda. Nilikuwa naanika magauni, niliwasikia. Baba akasema vijiti vilale. Mama akasema visimame kidogo, ardhi ya hapa ni ya mchanga. Baba akasema huo ni ubishi. Mama akasema basi panda wewe. Akapanda Baba, visimame kidogo.

Mhogo huu utakuwa tayari mwakani, au mwaka wa kufuata.

Baba alivuka kurudi kabla ya jioni. Mama alimsindikiza mpaka kwenye kona, hakuzidi hapo. Akarudi, akanawa udongo mikononi, akaniuliza ni gauni lipi la kuanza nalo kesho.